Mlinzi wa usiku hospitalini: kiuno 103, presha 146/92, na sukari sijui nipime saa ngapi

BabaAkinyi_Kisumu

Habari zenu. Mimi ni mlinzi wa usiku katika hospitali moja hapa Kisumu. Sikuajiriwa na hospitali yenyewe, niko chini ya kampuni ya ulinzi iliyopewa kandarasi. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Umri wangu ni miaka 46. Naomba msaada kwa wanaofanya kazi hospitalini, wa idara yoyote, maana naona jambo hili linatugusa sote.

Majuzi wafanyakazi wa pale walipimwa afya. Hema lilisimamishwa karibu na kliniki ya wagonjwa wa nje, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Saa hizo mimi niko nyumbani, mtaa wa Manyatta, nimelala. Na hata ningekuwa macho, majina yaliitwa kutoka orodha ya mishahara ya hospitali. Sisi walinzi, akina mama wa usafi wa kandarasi na vijana wa dobi hatumo katika orodha hiyo. Kesho yake asubuhi, kabla vifaa havijarudishwa stoo, muuguzi mmoja tunayeheshimiana sana aliniona nikikabidhi zamu. Akasema, "Baba Akinyi, hebu kaa hapa," akanipima.

Kiuno sentimita 103. Presha 146 kwa 92. Sukari ya kidole 6.2. Akaniandikia kwenye karatasi na kuniambia nisikae na namba hizo bila kwenda kliniki.

Kiuno ndicho kilichonishtua, kwa sababu suruali ya sare yangu ni namba 36 na mshipi naufunga tundu lilelile miaka nenda miaka rudi. Lakini yeye hakupima pale mshipi unapokaa. Aliniambia niufungue, akapapasa ubavu wa mwisho, akapapasa ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, akaweka utepe katikati ya sehemu hizo mbili, akahakikisha umelala sawa nyuma na mbele, kisha akanitaka nitoe pumzi kawaida bila kuvuta tumbo ndani. Mshipi wangu hupita chini ya tumbo. Utepe wake ulipita juu ya tumbo lenyewe.

Swali la kwanza ni hiyo sukari. Nilikuwa nimekunywa chai ya maziwa yenye sukari saa tisa usiku, na nilipimwa saa kumi na mbili na kitu. Nasikia sukari hupimwa ukiwa hujala tangu jana usiku. Mtu anayekula usiku na kulala mchana afunge kuanzia saa ngapi ili namba iwe ya kweli?

La pili, je, ni kazi inayoniletea haya? Baada yangu muuguzi yule aliwapima akina mama kadhaa wa usafi. Ni wembamba, kutwa wako kwenye ngazi na ndoo, lakini mmoja wao presha yake ilipita yangu. Nimekuwa nikijiuliza ni kazi gani hospitalini inayomharibu mtu zaidi, na kwa njia gani.

Nieleze na chakula changu, msije mkauliza. Nabeba thamosi ya chai na chapati. Kibanda cha nje ya lango hufungwa saa nne usiku. Baada ya hapo, jamaa wakitoka wadi ya wazazi na furaha yao, hunipa soda na nusu mkate. Ni vigumu kumkatalia mtu aliyepata mtoto usiku huo. Kiti changu ni cha plastiki, kiko karibu na kitabu cha kuandikia magari, na kitabu hakitoki pale.

Baba yangu alipata kiharusi akiwa shambani Seme, na hakuwahi kupimwa presha maishani mwake. Mtoto wangu wa pili ana selimundu, kwa hiyo hela ya kliniki nyumbani kwangu ina mwenyewe tayari. Siwezi kupimapima ovyo. Nataka kujua kipi kipimwe, na lini.

Karani_wa_Faili

Baba Akinyi, mimi niko rekodi katika hospitali moja huku Kakamega, kazi ya mchana, na nakuambia hata sisi hatujapona. Kiti changu kina magurudumu, nikitaka faili najisukuma nacho. Chai ya saa nne inaletwa mezani pamoja na mandazi, ya saa kumi pia. Tulipopimwa, chumba kizima cha rekodi na wahasibu wa mlango wa pili viuno vyetu vilipita kiwango, wanawake kwa wanaume. Sina majibu ya kitabibu, nimekuja kusoma ya wengine.

SistaWaNakuru

Baba Akinyi, pole na kazi. Mimi ni muuguzi hapa Nakuru. Nimepita wadi ya upasuaji, nimepita ya wazazi, sasa niko kliniki ya presha na kisukari. Wafanyakazi wenzangu wa hospitali ndio wagonjwa wanaoniuma roho zaidi, kwa sababu huja wakiwa wamechelewa ilhali mashine ya presha walikuwa nayo mita chache kutoka kiti chao.

Tuanze na namba zako. Kuna mambo matano huangaliwa kwa pamoja: kiuno, presha, sukari ya kufunga, mafuta ya damu yaitwayo trigliseridi, na ile kolesteroli nzuri, HDL. Mtu akiwa na matatu kati ya hayo matano, mwili wake umeanza kushindwa kutumia insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari, inavyotakiwa, na kisukari, kiharusi na ugonjwa wa moyo vinamkaribia kwa pamoja. Kwa kiuno, kiwango kinachotumika kwetu Afrika kusini mwa Sahara ni kuanzia sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Presha ni kuanzia 130 kwa 85. Sukari ya kufunga, kuanzia 5.6 (hizi namba za damu ni mmol kwa lita). Trigliseridi, kuanzia 1.7. HDL, chini ya 1.0 kwa mwanamume na chini ya 1.3 kwa mwanamke. Wewe mawili unayo. Hiyo 6.2 mimi siihesabu upande wowote, kwa sababu ulikuwa na chai tumboni na ulikuwa umekesha. Wa maabara atakueleza vizuri kuliko mimi.

Ukiniuliza kama ni kazi, nitasema kazi ina mkono wake mkubwa, lakini si kwa cheo. Tazama saa unazofanya kazi na muda unaokaa.

Usiku ubongo hutoa homoni ya melatonini, na kongosho nalo hupunguza kasi ya kutoa insulini. Chapati ileile ukiila saa saba mchana na ukaila tena saa tisa usiku, ya usiku itaiacha sukari juu kwa muda mrefu zaidi. Marekani waliwafuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 170,000, matokeo yakachapishwa 2011. Waliofanya zamu za usiku za kupokezana kwa miaka 10 hadi 19 hatari yao ya kupata kisukari cha aina ya pili ilikuwa juu kwa asilimia 40 hivi kuliko wasiofanya zamu hizo, na waliofika miaka 20 na zaidi ilikaribia asilimia 60. Sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na unene, si lote. Hao ni wauguzi wa huko, lakini mwili uliokesha ni uleule.

Kuna jaribio jingine la hukohuko, dogo, la watu 19, lililochapishwa 2021. Waliwekwa maabara wakaishi kama watu wa zamu ya usiku. Waliokula usiku, sukari yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 6.4. Waliokula mchana peke yake, haikupanda. Mimi nilipolisoma nilibadilisha saa zangu za kula, na wagonjwa wangu wa zamu nawaambia vivyo hivyo.

Sasa hizo kazi nyingine. Watu wa ofisi hulala usiku wao vizuri, tatizo lao ni kukaa kutoka saa mbili mpaka saa kumi na moja na chai yenye kitafunio kila inapofika. Karani ameeleza mwenyewe. Sisi wauguzi tunatembea sana na tunajidanganya kwamba kutembea kunatosha, kisha wadi ikitulia saa tisa usiku tunakata mkate wa shukrani, na tukifika nyumbani asubuhi hatulali, watoto wanataka kwenda shule. Madaktari na maafisa wa kliniki wao hupimana kwenye korido na kuandikiana dawa, hawana faili, hawana tarehe ya kurudi. Nimempeleka daktari mmoja ICU, chumba cha mahututi, kwa kiharusi, na dawa za presha zilikuwa kwenye droo yake, nusu pakiti. Wapishi wa jikoni husimama kutwa, lakini wanaonja kuanzia alfajiri. Akina mama wa usafi nimwachie anayeifanya kazi hiyo aseme mwenyewe.

Wewe mlinzi umebeba mizigo miwili kwa pamoja: usiku na kiti. Ndiyo maana nasema kundi lenu lilipaswa kuwa la kwanza kwenye lile hema.

Presha yako irudiwe siku tofauti, si mara tu unapotoka zamu. Kojoa kwanza, kaa dakika tano umeegemea mgongo, miguu chini, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, na usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa iliyopita. Mkono wako ukiwa mnene, dai mkanda mpana wa mashine, kwa maana mkanda mdogo huonyesha presha ya juu ya uongo. Ikibaki 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha, na inatibiwa. Ukisikia kifua kinabana, upande mmoja wa mwili umelegea au maneno hayatoki sawasawa, usingoje asubuhi. Uko ndani ya hospitali, ita mtu.

Chakula: kula chakula chako kikubwa saa kumi na moja jioni kabla hujatoka nyumbani. Ugali usiwe mlima, mboga ziwe nyingi, osuga au sukuma, na samaki au maharagwe. Ukihitaji kitu usiku, kiwe kabla ya saa sita: ndizi moja, yai, njugu kiasi. Baada ya saa sita, maji, au chai bila sukari. Soda ya mililita 300 ina gramu 30 hivi za sukari, vijiko saba vya chai, na unaipa kongosho saa ambayo ndiyo limechoka. Lakini msomaji ambaye tayari anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asianze kufunga usiku kwa kunisoma mimi. Azungumze kwanza na kliniki yake, sukari inaweza kushuka mno.

Na kiti: kila saa, inuka, zunguka ua hata dakika tano. Ukiweza kupunguza kilo tano au sita, usidharau. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2002 ulionyesha kwamba watu wenye sukari iliyoanza kupanda, wakipunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kuingia kisukari kwa asilimia 58. Hiyo ilipita hata dawa waliyolinganishwa nayo.

Nyar_Alego

Sista ameniachia nafasi, asante. Mimi ni mama wa usafi, hospitali nyingine hapahapa Kisumu, kandarasi pia. Watu wakituona wembamba wanasema hao wako sawa, wapite. Mimi presha yangu ilianza nikiwa mjamzito wa mtoto wa mwisho. Miguu ilivimba, nikalazwa, nikazaa kabla ya wakati. Baada ya kuzaa ikashuka, nikasahau, na hakuna aliyeniambia kwamba mwanamke aliyepata presha ya mimba anatakiwa kupimwa maisha yake yote kwa sababu inaweza kurudi. Ilirudi. Nilijua siku niliyoanguka na ndoo kwenye ngazi za ghorofa ya pili.

Sukari yangu iko sawa, kiuno changu hakifiki 80. Kwangu mimi naona ni chumvi na mawazo na kukosa usingizi. Tunakula mara moja kwa siku chakula cha maana, na hicho kimoja tunataka kisikike mdomoni: omena zilizokaangwa mafuta mengi, chumvi, halafu viungo vya pakiti juu, ambavyo navyo ni chumvi tu. Kliniki waliniambia chumvi yote ya siku nzima isipite kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na viungo. Nikipima kijiko hicho na kugawanya sufuria ya watu sita, naona tulikuwa tunakula ya siku tatu. Sasa omena naziloweka maji ya moto, namwaga, napika na nyanya na ndimu nyingi. Watoto walinung'unika wiki ya kwanza.

Baba Akinyi, wakikupa dawa za presha usiziache ukijisikia nafuu. Mwenzangu wa zamu aliziacha kwa sababu hakuwa na maumivu.

Maabara_Magharibi

Nafanya kazi maabara huku magharibi. Naomba watu wasome hili polepole kwa sababu wengi hupimwa vibaya.

Sukari ya kufunga maana yake ni angalau saa nane bila chochote isipokuwa maji. Mtu wa usiku anaweza kuhesabu saa nane zake akiwa kazini, mfano akala saa tatu usiku akaja maabara saa moja asubuhi. Kwa hesabu tu amefunga. Lakini kukesha peke yake kunapunguza nguvu ya insulini, kwa hiyo namba hiyo inakuwa ngumu kuifasiri. Ushauri wangu, Baba Akinyi: tumia siku zako za mapumziko. Lala usiku kama watu wengine kwa siku mbili hivi, kula chakula cha jioni saa mbili usiku, kisha maji tu, uje saa moja asubuhi. Trigliseridi na HDL zichukuliwe damu hiyohiyo ili usilipe nauli mara mbili.

Kipimo cha kidole ni cha kuchunguza, si cha kukupa jina la ugonjwa. Omba damu ya mshipa. Tena utazame kichupa: kwa sukari hutumika kile chenye kifuniko cha kijivu, kwa sababu kina dawa inayozuia seli za damu kuendelea kula sukari. Damu ikikaa ndani ya kichupa cha kawaida inapoteza kama asilimia 5 hadi 7 ya sukari kila saa, na kwenye joto letu hili inakwenda haraka zaidi. Mtu ana 6.0, karatasi inasema 5.4, anarudi nyumbani akifurahi.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Umesema mtoto wako ana selimundu. Maana yake karibu hakika wewe na mama yake kila mmoja amebeba jeni moja. Kubeba jeni moja si ugonjwa, na huku kwetu kando ya ziwa na magharibi ni watu wengi mno. Lakini kuna kipimo kinaitwa HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu kwa kuangalia sukari iliyoshikamana na himoglobini, ile protini nyekundu ya damu. Ni kipimo kizuri, hakihitaji kufunga, na kila mtu atakuambia mtu wa zamu apimwe hicho. Himoglobini yako wewe ni ya namna mbili. Mashine nyingine huchanganywa na hilo, na hata mashine isiyochanganywa, utafiti wa Marekani wa 2017 ulionyesha kwamba wenye jeni hiyo hupata HbA1c ya chini kuliko sukari yao ilivyo. Upungufu wa damu nao unakivuruga, kila aina kwa njia yake. Kwa hiyo ukipewa HbA1c nzuri, usitulie kwa hiyo peke yake. Tegemea sukari ya kufunga ya mshipa. Ikiwa na utata, kuna ile ya kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa baada ya saa mbili. Mwambie anayekuhudumia kuhusu mtoto kabla hajakuandikia kipimo.

Ikiwa 5.6 mpaka 6.9 ni dalili ya kuanza kupanda. Ikiwa 7.0 au zaidi irudiwe siku nyingine, ikibaki hapo ni kisukari.

DerevaNaks

Nimesoma yote. Madereva wa ambulensi nasi tuhesabiwe. Ukipeleka mgonjwa Nairobi usiku, unarudi saa nane za usiku una njaa, na kilicho wazi Naivasha ni chipsi na soda. Unakula ukiwa kwenye usukani.

Naongeza moja tu ambalo halijatajwa. Mke wangu ndiye aliyeona kwamba nikilala nakoroma, kisha nanyamaza kabisa kama sipumui, kisha nashtuka. Mchana nilikuwa nasinzia kwenye taa za barabarani. Daktari akasema pumzi inakatika usingizini, na hilo linapandisha presha, nalo huja na unene wa shingo na tumbo. Mlinzi au dereva anayesinzia zamu watu humwita mvivu. Muulizeni anayelala naye.

BabaAkinyi_Kisumu

Nawashukuru sana, hasa wa maabara. Muuguzi wetu alikuwa ameshaniambia nikapime HbA1c, naye alisema kwa nia njema. Hakuna aliyewahi kuniunganishia ugonjwa wa mtoto na kipimo changu mimi. Miaka yote hiyo tunakwenda kliniki ya selimundu, tunazungumza habari za mtoto peke yake.

Nitafanya kama mlivyosema siku za mapumziko zikifika. Nyumba yangu ni ya mabati na mchana ni tanuri, usingizi wangu hukatika saa tano asubuhi. Mke wangu amepata pazia zito na tumehamisha kitanda upande usiopigwa na jua.

Bado swali la tatu ambalo sikuliandika vizuri: tutaingiaje kwenye hilo hema? Nikimuuliza msimamizi wa kampuni ananielekeza hospitali. Hospitali wananielekeza kampuni.

Mjumbe_wa_Kamati

Ndugu, nipo kwenye kamati ya usalama na afya ya hospitali moja Bungoma. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 6, inamtaka mwenye mahali pa kazi kulinda usalama, afya na ustawi wa watu wote wanaofanya kazi mahali pake. Imesema watu wote wanaofanya kazi pale, haikusema walio kwenye orodha yake ya mishahara. Sheria hiyohiyo inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati kama hii yetu. Sheria haisemi mpimwe kiuno, nisikudanganye, lakini inakupa mlango wa kubisha.

Usiende peke yako na usiende na lawama. Andikeni barua fupi, walinzi, usafi na dobi, kwa katibu wa kamati ya hospitali yenu, nakala kwa kampuni. Ombeni mambo mawili tu: majina ya wafanyakazi wa kandarasi yaongezwe, na kipimo kimoja kifanyike saa ya kubadilishana zamu. Sisi kwetu tulihamisha meza ikawa langoni, saa kumi na moja na nusu jioni, watu wakapimwa presha na kiuno wakiingia. Gharama yake ilikuwa utepe, mashine ya presha na muuguzi mmoja aliyekubali kuchelewa kurudi nyumbani.

Na kama umejisajili SHA, bima ya afya ya serikali, anzia kituo cha afya au zahanati kwa presha, usisubiri hema.

SistaWaNakuru

Mjumbe, asante kwa hilo la lango. Sukari msipime jioni hiyo mkaiita ya kufunga. Presha na kiuno zinatosha kuwachuja watu, wenye namba kubwa waelekezwe maabara siku yao ya mapumziko.

BabaAkinyi_Kisumu

Nimerudi na majibu, nilivyoahidi.

Sukari ya kufunga, damu ya mshipa, kichupa cha kijivu (niliuliza, yule kijana wa maabara akanitazama mara mbili): 5.9. Trigliseridi 2.1. HDL 1.1. Presha siku tofauti, kwa mkanda mpana, 143 kwa 91 na 141 kwa 90. Kwa hesabu ya Sista nina manne kati ya matano. Kisukari bado sina. Afisa wa kliniki ameniandikia amlodipini, dawa ya presha, kila siku na kunipa tarehe ya kurudi, na kwenye faili ameandika kwamba nabeba jeni ya selimundu ili mwingine asinipime HbA1c akaiamini. Sukari atairudia baada ya miezi mitatu.

Chakula sasa nakula saa kumi na moja jioni, na mke wangu amekubali watoto wale pamoja nami saa hiyo. Thamosi ina chai ya rangi ya tangawizi, bila sukari. Soda bado zinaletwa. Namwambia mwenye furaha, "Kama ni shukrani, niletee maji," na wengi huyaleta. Kiti kilikuwa kigumu zaidi kwa sababu ya kile kitabu cha magari. Tumekubaliana na mwenzangu wa lango la nyuma tupokezane kila saa: mmoja anakaa na kitabu, mwingine anazunguka kutoka mochari, kupitia tangi la maji, mpaka maegesho ya ambulensi. Msimamizi ameona zamu inalindwa vizuri kuliko mwanzo, akaridhia.

Barua tumepeleka, imetiwa sahihi na walinzi wote wa usiku, akina mama wa usafi na vijana wa dobi wote. Katibu wa kamati amejibu kwamba meza itakuwa langoni Alhamisi ya wiki ijayo, saa kumi na moja na nusu jioni, na yule muuguzi aliyenipima kwanza ndiye aliyejitolea. Nyar Alego, ukitaka nakala ya barua mpeleke kwenu, niandikie faraghani.

Nyar_Alego

Nitumie leo, Baba Akinyi. Sisi kwetu tuna mkutano wa wasimamizi Jumatatu, nataka niwe nayo mkononi.

SistaWaNakuru

Baba Akinyi, amlodipini huwafanya wengine wavimbe vifundo vya miguu, na wewe unakaa usiku kucha. Ukiona soksi zinaacha alama ya kina ambayo haikuwapo, rudi kliniki kabla ya tarehe, usijikatie dawa. Na hiyo Alhamisi mwambie muuguzi wenu abebe mikanda yote miwili, mdogo na mpana.